Jicho Langu na Damu ya Mwende

Nilipokuwa msichana mdogo wa Noonkopir, mtaa wa Kitengela, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kumtemea dada yangu mate. Si kwa siri, wala si kwa ugomvi. Nilisimamishwa mbele yake kabla sijaonja hata maji, Mama akamfungua vifungo vya sweta, nyanya yangu akasema, "Tema," nami nikatema kifuani. Kisha yeye akapewa yai, mimi nikapewa sufuria nioshe.

Nimeisimulia habari hii jukwaani, watu wakacheka mpaka wakapiga meza, na mimi nikacheka nao kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha. Lakini jukwaani mtu hana nafasi ya kueleza. Ukinyamaza kidogo tu, kuna mlevi kule nyuma anaanza kuimba. Wewe unayesoma umekaa na huimbi, kwa hivyo acha niiseme yote.

Mdogo wangu anaitwa Mwende. Kwa Kikamba maana yake ni mpendwa. Mimi naitwa Syombua, maana yake nilizaliwa mvua ikinyesha. Yeye alipewa jina la moyo, mimi nikapewa la hali ya hewa. Wazazi wangu hawakukusudia ubaya wowote, najua, lakini mtoto hupima mambo kwa mizani yake, na mizani yangu tangu siku Mwende alipozaliwa ilikuwa imeinama upande mmoja.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, na alirudi nyumbani akiwa na rangi ya sanamu. Mama aliuza sukuma wiki na nyanya kwenye kibanda kando ya barabara. Kitengela ya siku hizo nyumba zilikuwa chache na nyasi nyingi. Maji yaliletwa na mikokoteni ya punda, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi ulikuvua viatu bila kukuomba ruhusa. Nyuma ya ploti yetu palikuwa na boma la Mama Naserian, aliyetuuzia maziwa. Tukienda kwake tuliinamisha vichwa atuguse utosini, ndiyo salamu ya watoto kwa Wamasai. Mkono wake ulikaa kichwani mwangu kidogo tu. Kichwani mwa Mwende ulikaa, ukakaa, kama umepata kiti.

Nilikuwa na wivu. Sisemi wivu wa kupita. Nasema wivu wa kuamka nao na kulala nao, wivu wa kushiba.

Halafu Mwende, alipoanza shule, akaanza kubadilika. Wenzake wakiruka kamba, yeye anakaa chini. Darasani analala. Akitoka kwenye kibanda cha Mama mpaka nyumbani, njia ya mtu kumaliza wimbo mmoja, anasimama mara kadhaa kuhema. Na rangi yake ikawa inafifia, ikageuka maji ya kunde, kisha nyeupe-nyeupe. Kuna mama mmoja wa kanisani, mfanyabiashara mwenye shamba lake na sauti yake, aliyemshika kidevu mbele ya watu wote.

"Mama Syombua, huyu amekuwa brown! Ee, huyu vijana watapigania."

Mama akacheka kwa furaha. Nami nikasimama pale, mweusi kama chungu cha harusi, jina langu likitumika kumwita Mama na mtu mwingine akisifiwa. Jumapili iliyofuata nilijipaka unga wa ngano usoni nikaenda nao kanisani. Kulikuwa na joto. Mpaka mahubiri yanaisha nilikuwa ninakaribia kuwa chapati.

Hebu fikiria hilo. Ile rangi niliyoitamani ilikuwa ugonjwa, na sote tuliisifu.

Uchovu ulipozidi, Mama alianza kushtuka, na mtaa mzima ukawa daktari. Huyu mtoto aongezwe damu! Na kuongeza damu kwetu kulikuwa na sheria moja tu: kila chekundu au cheusi kikiingia tumboni kinageuka damu. Basi Mwende akaletewa ini. Akaletewa bitiruti. Akaletewa soda nyeusi iliyochanganywa na maziwa, kinywaji ambacho mpaka leo sijui kilivyo kwa sababu hakuna tone lililowahi kuvuka kwenda upande wangu. Akaletewa mayai. Juu ya kila mlo alimiminiwa kikombe kikubwa cha chai ya majani mengi, nyekundu kabisa, kwa sababu chai nayo ina rangi.

Mama Naserian alileta kibuyu cha maziwa yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe. Kwao mtu aliyepungukiwa na damu hupewa damu, na ni vigumu kubishana na hesabu hiyo. Mama alishukuru sana, akafunga mlango, akasema sisi ni watu wa kanisa, damu hatunywi, akaenda kumwaga. Nilimwonea Mwende wivu hata kwa kile kibuyu ambacho hakukionja. Hakuna mtu aliyewahi kuja mlangoni kwetu ameshika kitu na kusema, hiki ni cha Syombua.

Mimi nilikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe. Ni chakula kizuri. Lakini jaribu kukila huku ini linakaangwa kwa kitunguu pembeni yako.

Ndipo Susu akaja. Susu ndiye nyanya kwa Kikamba, na huyu alikuwa mama yake Baba, mwanamke mfupi aliyetembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Aliwasili kutoka Ukambani Jumapili mchana, akatukuta mezani. Hakukaa. Alimtazama Mwende kwa muda mrefu.

"Huyu mtoto anakula?"

"Anakula, Mama," Mama akajibu. "Ini, mayai, kila kitu tunampa."

"Na damu inaenda wapi?"

Mimi nilikuwa nimetazama sahani ya Mwende. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha ini, kimejikunja pembeni, na nilikuwa ninakiita kwa macho kama mtu anavyoita mbwa wa jirani.

"Na huyu je?" Susu akasema. "Huyu mkubwa. Angalieni hayo macho. Anamla mwenzake kwenye sahani!"

"Mimi sijala kitu!" nikasema.

"Ndiyo shida. Hujala, lakini umekula."

Akaketi, akatueleza. Kuna jicho, alisema, ambalo hata mwenyewe hajui kama analo. Likimwangukia mtoto anayekula, chakula kinapita bure na damu inalifuata jicho. Alikuwa amemzika mtoto wake mmoja kwa ugonjwa wa namna hiyo, mtoto aliyefifia mpaka akawa mwepesi kama kikapu. Mwenye jicho hapigwi wala hafukuzwi, kwa maana hakuomba kuzaliwa nalo. Anaitwa tu atoe mate. Mate ya asubuhi, kabla ya kula, ndiyo yanayofunga kilichofunguliwa na jicho.

Unadhani nililia? Mungu anisamehe, nilijisikia mtu mkubwa. Mwende alikuwa na uzuri, alikuwa na jina, alikuwa na ini. Mimi nilikuwa na jicho. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na kipaji.

Ndivyo tulivyoanza. Mwende, kwa mtu aliyekuwa anaisha, alikuwa na mdomo.

"Mate yako yananuka kitunguu."

"Nyamaza nikuponye."

"Tema kidogo, sweta inaloa."

"Susu amesema yawe mengi."

Mama alikuwa anatazama kando. Baba, akiwa hana zamu ya asubuhi, alisimama mlangoni na vumbi lake akitikisa kichwa, lakini kumpinga mama yake hakuthubutu. Nami nilitema kwa bidii zote, kwa sababu hofu ilikuwa imeshaanza kunishika. Usidhani mtoto mwenye wivu anataka mwenzake afe. Mimi nilitaka Mwende awepo, ila awepo kidogo. Basi akila nikawa ninafumba macho. Haikusaidia. Ini nililiona kwa pua.

Na Mwende hakupona. Miguu ilivimba. Moyo wake ulipiga mpaka ukauona chini ya ngozi, pale pale nilipokuwa ninatemea, kama kifaranga kwenye mfuko. Siku moja alianguka shuleni wakati wa kuimba wimbo wa bendera, akaletwa nyumbani mgongoni mwa mwalimu. Mama akasema hospitali. Susu akasema hospitali itampima nini, jicho lina kipimo? Wakabishana, na mwisho Susu akatoa uamuzi wake: mimi mwenye jicho nitakwenda na Susu Ukambani mpaka Mwende apone. Jicho likikaa mbali litasahau njia. Asipopata nafuu nikishaondoka, basi hospitali.

Nguo zangu zikafungwa kwenye leso. Tungeondoka kesho yake.

Mchana huo nilikuwa nimekaa kizingitini, nimevimba kwa uchungu, nikamwona Mwende akiinuka kitandani polepole na kutoka kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeshaona kwamba kila akimaliza kula anapotea kidogo, na akirudi anafuta mdomo. Nilijua ni kitu gani. Kuna chakula kingine! Kuna kitu kitamu zaidi ya ini, wamemfichia mahali, na mimi ninafukuzwa bila kukionja. Nikamfuata.

Alikwenda akisimama na kuhema, akashika uzio wa miiba wa Mama Naserian, akazunguka mpaka kwenye kichuguu nyuma ya zizi. Akapiga magoti. Akavunja kipande cha kile kichuguu, akakipulizia, akakitia mdomoni. Alikitafuna amefumba macho, na uso wake, jamani, ulikuwa na raha ambayo sikuwahi kuiona akila yai.

Nikasimama mbele yake.

"Nipe na mimi."

"Ni udongo," akasema.

"Najua ni udongo. Nipe."

Akanimegea. Nikatafuna. Ulikuwa udongo, ndugu yangu. Udongo kabisa, wenye mchanga na mguu wa mchwa. Nikatema.

"Hii ndiyo unatoroka kuja kula?"

"Inanukia kama mvua ikianza," Mwende akasema. "Nikikosa kichwa kinauma. Syombua, usiseme. Tafadhali."

Nilisema. Nilikimbia nikisema tangu kwenye uzio, kwa sauti ambayo baadaye ingenipatia riziki. "Anakula udongo! Mnampa mayai, mnampa ini, kumbe anakula udongo!" Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Hatimaye mpendwa alikuwa na uchafu, na mimi ndiye niliyeuona.

Mama Naserian alitoka bomani akakimbilia kichuguuni. Akamwinua Mwende, akamfungua mdomo, akautazama ulimi. "Ng'ombe wangu wakikosa chumvi wanalamba ardhi," akamwambia Mama aliyekuwa amefika mbio. "Huyu amekosa kitu. Mpeleke."

Lakini aliyebadilika uso ni Susu. Alikuwa amesimama mlangoni na ule mzigo wangu wa leso mkononi, akauachilia ukaanguka.

"Udongo?" akauliza. "Tangu lini?"

"Kila siku," Mwende akasema kwa sauti ndogo.

"Yule wangu pia alikula udongo." Susu akakaa pale pale chini. "Anayekula udongo, kaburi limeshamwita kwa jina. Mpelekeni hospitali. Saa hii. Msisubiri Baba yake."

Kwa hivyo usiniulize kama imani za wazee ziliua au ziliponya. Imani moja ilituchelewesha, nyingine ikatukimbiza.

Mume wa Mama Naserian alikuwa anapeleka mbuzi sokoni Kajiado kwa pikapu. Mbuzi wakasongezwa. Mama akakaa mbele amempakata Mwende, mimi na Susu tukakaa nyuma na mbuzi. Nilichukuliwa kwa sababu Susu hakutaka kubahatisha. Hali ikiwa mbaya njiani, mwenye mate awe karibu.

Hospitalini, daktari alikuwa kijana mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala. Alivuta kope ya chini ya Mwende akatazama ndani. Akamwambia atoe ulimi. Akafungua kiganja chake, akaweka changu kando yake, na hata mimi nikaona: changu kilikuwa na mistari ya wekundu, chake kilikuwa kama karatasi. Akamchoma kidole. Damu iliyotoka ilikuwa kama maji yaliyooshewa bitiruti.

Akiwa anaandika, Susu akanipiga kisukusuku. Nikajongea, nikatema.

"Huyu anafanya nini?" daktari akaruka.

"Ni dawa yetu, daktari," Susu akasema. "Wewe fanya yako."

Daktari alinitazama, akamtazama Susu, akavuta pumzi ndefu. Hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu mpaka nife, maana mimi ningecheka.

"Mama, nyinyi mnatoka Kitengela. Maji mnaletewa na nani?"

"Na punda," Mama akasema.

"Basi damu ni barabara. Ndani yake kuna punda wadogo sana, tunawaita himoglobini. Wanachukua hewa kwenye mapafu, wanaipeleka kila nyumba ya mwili: kichwani, miguuni, kwenye moyo. Na ndio wanaoipa damu wekundu. Huyu mtoto, barabara iko. Punda hawako. Wachache waliobaki wanakimbizwa na moyo mpaka unachoka. Ndiyo sababu unapiga hivyo."

"Nani amewachukua?" Susu akauliza, na akanitazama.

"Minyoo, kwanza. Wamejaa tumboni wanakunywa damu. Wengine wanaingia kwa miguu isiyo na viatu, wengine anawala na udongo. Pili, punda hawa wanaumbwa kwa madini ya chuma, na huo udongo unayashika tumboni yasipite. Tatu, hiyo chai mnayompa juu ya chakula. Chai inazuia chuma cha kwenye mayai na mboga isiingie mwilini."

"Chai?" Susu akasimama. "Chai imekosea nini?"

"Anywe mbali na chakula, Mama. Na huu udongo hakuula kwa ukaidi. Damu ikipungua hivi, mwili unatamani vitu vya ajabu. Nani aligundua anaula?"

Wote wakaninyooshea vidole. Hata Mwende, kwa mkono uliokuwa mzito kuinuka.

"Ungechelewa wiki hii," daktari akaniambia, kisha akaacha sentensi hapo.

Mwende aliwekewa damu. Baba alifika bado ana saruji kwenye nyusi, wakampima, ikalingana, akalala kitandani wakamtoa damu. Nilisimama katikati ya vitanda nikitazama ule mfuko mwekundu ukining'inia juu ya dada yangu. Na unajua nilichowaza? Niliwaza: sasa hata damu ya Baba amepewa yeye. Nikaenda kwa daktari nikamwomba anipime na mimi. Akanipima. Akasema yangu ni nzuri kabisa, punda wangu ni wa kutosha kuuza. Nikalia kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Kitanda, mkate, soda, wageni, vyote vilikuwa vya mwenye damu mbaya. Mwenye damu nzuri alirudishwa nyumbani nyuma ya pikapu, pamoja na mbuzi wasiouzika.

Mwende alirudi nyumbani na dawa ya minyoo na vidonge vya chuma. Vile vidonge vilifanya choo chake kiwe cheusi tititi, na Susu alipokiona alitangaza kwamba jicho limetoka, jamani, njooni mlione. Hakuna aliyebisha. Rangi ilimrudia, akaiva tena kama mimi, na yule mama wa kanisani akasikitika kwamba mtoto ameharibika. Alianza kuruka kamba. Alianza kunishinda mbio. Kichuguu akakipita bila kukitazama; alisema hakina harufu tena.

Susu hakukubali kamwe kwamba alikosea. Nilipomuuliza miaka mingi baadaye, alinijibu kwa utulivu, "Mate yako yalimshikilia mpaka akafika hospitali." Nimefanya kazi na watu wenye majibu ya haraka kwa miaka mingi. Sijapata anayeishinda hiyo.

Sasa nina umri ambao daktari akikupima damu anakupima na mambo mengine bila kukuambia. Nimefikiria sana siku ile ya kichuguu. Waliompenda Mwende walikuwa wengi, na walimpa kila kitu walichokuwa nacho. Lakini walipomtazama waliona mpendwa. Waliona amekuwa mzuri, amekuwa mweupe, ametulia. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua amekula nini na amebakisha nini, ametoka kwa mlango gani na amerudi akifuta nini mdomoni, na mtu huyo alimtazama hivyo kwa sababu hakuweza kumvumilia. Kama ningekuwa dada mwema ningekuwa nimelala mchana ule. Sijui niliweke wapi jambo hilo. Jukwaani halina kicheko, na kanisani sijawahi kusikia likihubiriwa.

Siku hizi Mwende analima vitunguu Illasit, chini ya mlima, na ni mtu wa watu. Nilipomtembelea mwisho tulikaa kwenye baraza yake, na kila aliyepita alimsalimu yeye kwanza, akamwuliza habari za watoto, akamwuliza habari za shamba, kisha akanikumbuka mimi kama mtu anavyokumbuka mwavuli. Nilikuwa nimemtazama kwa muda, midomo, kucha, ile ngozi ya ndani ya kope akicheka.

"Unaniangalia nini?" akaniuliza.

"Nakuonea wivu tu."

Akanisogezea kiti chake karibu na changu, akageuza uso kwenye mwanga.

"Haya," akasema. "Angalia vizuri."